Maswali yanayoulizwa sana: kukalibreti sensa za unyevu kwa udongo wa shamba lako

Haya ni maswali tunayoulizwa sana na watu wenye dripu, grinihausi, au hata bustani ya nyuma ya nyumba, ambao wamenunua sensa ya unyevu wakaifunga kwenye ESP32 au Arduino (bodi ndogo za kompyuta) alafu wakabaki wanaangalia namba wasijue ziaminike au la. Kukalibreti ni kulinganisha hizo namba na maji halisi yaliyopo kwenye udongo wako. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, mengine mstari mmoja unatosha.

Kwani sensa haiji imeshakalibretiwa kiwandani?

Inategemea umenunua ipi. Zile za bei kali, mfano TEROS 12 ya kampuni ya METER, zinakuja na fomula ya kiwandani iliyotengenezwa kwa udongo wa kawaida wa madini, na watengenezaji wenyewe wanakwambia kosa lake ni kama asilimia 3 juu au chini, ukitaka liwe dogo zaidi ukalibreti kwa udongo wako. Zile za bei poa, ile bapa nyeusi iliyoandikwa v1.2 ambayo kila duka la elektroniki linayo, haiji na fomula yoyote. Inatoa volti tu, bodi inazigeuza kuwa namba, na kwenye hizi namba inashuka unyevu unapopanda, jambo ambalo linawachanganya wengi siku ya kwanza. Kwa hiyo namba unayoiona kwenye skrini, tuseme 2110, bado sio maji. Inakuwa maji siku ukichukua udongo wa hapo hapo ukaupima kwenye mzani.

Lakini YouTube wanaishika hewani wanasema hiyo ni 0%, wanaichovya kwenye glasi ya maji wanasema hiyo ni 100%, basi wamemaliza. Kuna ubaya gani mkuu?

Ubaya upo na ni mkubwa, tukae hapa kidogo.

Kwanza hamna udongo wa shamba unaofika 100%. Udongo ukijaa maji mpaka kila tundu limejaa, wa mchanga unakuwa na maji kama 40% ya ujazo, mfinyanzi unaweza kufika 50% na zaidi kidogo, zinazobaki ni chembe zenyewe za udongo ambazo haziondoki popote. Na upande wa chini vilevile, shambani hamna 0%, nyanya zinanyauka moja kwa moja udongo wa mfinyanzi ukiwa bado na maji labda 20%. Yaani maisha yote ya mmea wako yako katikati, mfano kati ya 20 na 36 kwa tifutifu yenye mfinyanzi, na ile skeli ya hewa na glasi inaibana hiyo sehemu yote kwenye kipande kidogo ambacho hujui kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Pili, hata kama ungejua ncha mbili za kweli, kati ya ncha na ncha sensa haiendi kwa mstari ulionyooka. Tutaonyesha kwa namba huko chini.

Tatu, glasi ya maji haina udongo. Sensa inasikia maji, chembe za udongo, hewa iliyopo kwenye matundu, na chumvi, vyote kwa pamoja, sasa ukiondoa udongo umekalibreti kwa kitu ambacho hutakimwagilia kamwe. Jaribio la hewa na glasi lina kazi moja nzuri, nayo ni kujua kama sensa ni nzima au imekufa. Basi.

Kwani sensa yenyewe inapima nini, si inapima maji?

Haipimi maji moja kwa moja. Inapima namna udongo unavyoitikia umeme wa kupishana, kile wataalamu wanaita namba ya daielektri. Hewa ni 1, chembe za udongo mkavu ni kama 3 mpaka 5, maji ni kama 80. Kwa kuwa maji yameyaacha mengine mbali hivyo, tone dogo tu likiongezeka namba inaruka, na hapo ndo tunapata unyevu kwa kukisia.

Mwaka 1980 mtafiti Topp na wenzake Canada walitoa fomula moja inayogeuza hiyo daielektri kuwa unyevu, na mpaka leo sensa nyingi ndani yake kuna fomula hiyo au mtoto wake. Daielektri ikisoma 20, Topp anakupa unyevu wa karibu 34.5%. Kwenye udongo mwingi wa madini inafanya kazi vizuri tu, ila kwenye udongo wa majivu ya volkano, udongo wenye mboji nyingi sana, na mfinyanzi mzito inapotea, na bahati mbaya sisi huku udongo wa namna hiyo tunao mwingi.

Nina zile za miguu miwili ya chuma, naweza kuzikalibreti?

Unaweza, ila utarudia kila mara. Umeme ukipita kwenye ile miguu inaliwa na kutu, wiki chache tu shambani namba zimeshahama. Usipoteze muda, nunua ya kapasita, kama ile bapa ya v1.2.

Asilimia ya uzito na asilimia ya ujazo ni kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanaharibia kazi nzuri. Asilimia ya uzito ni gramu za maji gawanya kwa gramu za udongo MKAVU (mkavu, sio uliolowa). Asilimia ya ujazo ni sentimita za ujazo za maji ndani ya sentimita za ujazo za udongo ulivyo shambani na matundu yake. Sensa inaongea lugha ya ujazo, umwagiliaji pia, kwa hiyo lazima ufike huko.

Mfano. Una pete ya chuma yenye sentimita za ujazo 100, umeigonga ardhini ukaitoa imejaa udongo vizuri, ukaumimina wote kwenye kopo. Kopo tupu gramu 32.0. Kopo na udongo uliolowa 190.4. Baada ya oveni 162.0. Maji yaliyotoka ni 190.4 toa 162.0 sawa na gramu 28.4. Udongo mkavu ni 162.0 toa 32.0 sawa na 130.0. Kwa uzito ni 28.4 gawanya 130, karibu 21.8%. Densiti ya udongo ni 130 gawanya 100, yaani 1.30. Zidisha 21.8 kwa 1.30 unapata 28.4% ya ujazo.

Umeona hiyo 28.4 imejirudia? Gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo ukiwa na pete ya 100 iliyojaa sawasawa, gramu za maji zilizopotea ndo asilimia yenyewe ya ujazo, huhitaji hata kuzidisha. Lakini densiti iandike kila mara, ndiyo itakayokwambia sampuli ipi ilikuwa mbovu, maana shamba moja likikupa 1.30, 1.28, 1.33 alafu ghafla 1.05, hiyo ya mwisho pete haikujaa au ulipita kwenye mzizi uliooza.

Aliyechukua sampuli kwa jembe na kutia kwenye mfuko ana asilimia ya uzito tu. Akiifananisha na sensa bila densiti atasema sensa inadanganya, kumbe 21.8 na 28.4 ni udongo ule ule mmoja.

Nahitaji vifaa gani?

Pete ya chuma. Za maabara zina upana wa ndani sentimita 5 na urefu 5.1, ndo inatoka 100. Huna, nenda kwa fundi wa kuchomelea akukatie kipande cha bomba la chuma, anoe mdomo mmoja kwa NJE (akinoa kwa ndani ujazo unabadilika na udongo unabanwa), alafu pima mwenyewe upana wa ndani. Ukikuta 5.2 na urefu 5, chukua nusu ya upana, 2.6 mara 2.6 mara 3.14 mara 5, ujazo wako ni kama 106, tumia hiyo usitumie 100.

Mzani wa kidijitali unaosoma 0.1 ya gramu na kubeba angalau gramu 500. Ule wa jikoni wa gramu moja moja unafaa kwa shida, utakupa kosa la karibu asilimia moja kwenye kila sampuli ya pete ya 100. Kisu, kipande cha ubao na nyundo, makopo yenye namba, mifuko ya zipu, na daftari. Daftari la karatasi, simu inazima chaji shambani.

Sampuli naichukuaje, na umbali gani kutoka kwenye sensa?

Ushauri wetu ambao watu hawaupendi kwa sababu unaongeza kazi: kalibreti KABLA hujaizika sensa moja kwa moja. Yaani mzunguko wa kwanza sensa iwe ya mkononi, unaichomeka sehemu, unasoma, unachimba udongo ule ule uliosomwa, unahamia sehemu nyingine. Ukishapata fomula ndo unaizika kwenye makazi yake.

Sababu ni dripu. Kwenye dripu unyevu unabadilika vibaya sana ndani ya sentimita 10, pale chini ya tone ni tope na kiganja kimoja pembeni ni vumbi. Sensa ikiwa imezikwa tayari huwezi kuchimba pale ilipo, inabidi uchukue sampuli pembeni, na hapo unafananisha sensa ya sehemu moja na udongo wa sehemu nyingine. Kama imeshazikwa na hutaki kuitoa, nenda kwenye tone lingine la laini ile ile, pima umbali ule ule kutoka kwenye tone na kina kile kile, chukua pete mbili au tatu, tafuta wastani. Inasaidia lakini haifikii njia ya kwanza.

Namna yenyewe: kwangua majani na ganda la juu, chomeka sensa bila kuitikisa tikisa maana ukiitikisa unatengeneza hewa pembeni ya bapa na hewa inasomeka kama ukavu. Subiri dakika moja, chukua masomo (namba inazosoma sensa) kama ishirini programu ikupe wastani. Toa sensa. Weka pete pale pale ilipokuwa katikati ya bapa, weka ubao juu, gonga taratibu mpaka mdomo wa juu uwe sawa na ardhi, usiendelee kugonga baada ya hapo utashindilia udongo. Chimba pembeni uitoe nzima, kata ncha zote mbili kwa kisu ziwe bapa. Ukikuta jiwe au shimo, tupa, chukua nyingine, usizibe kwa kidole. Mimina yote kwenye mfuko wa zipu, funga, weka kivulini, na upime siku hiyo hiyo. Matone yakigandia ndani ya mfuko hayo ni maji ya sampuli, pima mfuko na vyote ndani yake.

Kama sensa itakaa kina cha sentimita 20 na sampuli ichukuliwe 20, ukichimba shimo na kuingiza pete kwa ubavu. Sampuli ya juu haimjui wa chini.

Kukausha lazima oveni ya maabara? Jua la huku si linatosha?

Jua halitoshi hata la Dodoma. Udongo uliokaushwa juani unaonekana vumbi lakini mfinyanzi bado umeshikilia maji asilimia kadhaa, na sensa inayasikia. Kiwango ni nyuzi 105 kwa saa 24, au mpaka ukipima mara mbili mfululizo uzito usibadilike.

Oveni ya umeme ya kuoka keki inafaa kama ina kipimajoto cha kuaminika, weka cha pembeni ndani kwa sababu kitasa chake mara nyingi kinadanganya. Usipite sana 110, mboji inaanza kuungua na uzito unaopotea unauhesabu kama maji.

Maikrowevu inafaa kwa haraka: bakuli la kioo au udongo (kopo la chuma USIWEKE), dakika tatu za kwanza, pima, alafu dakika moja moja ukipima kila mara mpaka uzito usimame. Ukiipeleka dakika kumi mfululizo unachoma mboji. Na kwa amani ya nyumba tafuta maikrowevu kuukuu ya kazi hiyo, harufu ya udongo uliochomwa haitoki kwenye chakula kwa siku mbili tatu.

Jiko la mkaa na sufuria, hapana. Huwezi kujua joto.

Sampuli ngapi zinatosha?

Tano ni chini kabisa, kumi ni vizuri, lakini idadi sio hoja kubwa kama UPANA. Sampuli ishirini zote zimechukuliwa asubuhi baada ya kumwagilia zitakupa rundo moja kwenye grafu na mstari unaoelekea popote unapotaka. Unahitaji kavu sana, kavu kiasi, katikati, umelowa, umelowa hasa. Njia rahisi ni kumwagilia kipande kidogo mpaka kijae, acha siku moja au mbili maji ya ziada yashuke, anza kuchukua, endelea kila baada ya siku kadhaa jinsi kinavyokauka. Wakati wa kiangazi kazi inaenda haraka. Masika utasubiri sana upande wa kavu, labda uwe na grinihausi.

Siwezi kusubiri wiki nzima, naweza kufanya kwenye ndoo?

Ndiyo, na kwa sensa za bei poa ndoo ni njia nzuri tu. Chukua udongo wa kina kile utakachozika sensa, kausha, vunja mabonge, chekecha kwenye wavu wa milimita 5 hivi. Chombo cha lita 4, densiti ya shamba lako 1.30 (umeipata kwa pete), kwa hiyo udongo mkavu unaotakiwa ni kilo 5.2, ujaze lita 4 kamili, usizidi usipungue, shindilia kwa tabaka ndogo ndogo. Soma. Mwaga wote kwenye beseni, ongeza maji mililita 200 ambayo ni 5% ya lita 4, changanya kwa mikono mpaka hamna mabonge yaliyolowa peke yake, rudisha kwenye chombo kwa ujazo ule ule wa lita 4, soma tena. Endelea hivyo hivyo 10%, 15%, mpaka tope.

Kila hatua chukua kidogo ukapime kwenye oveni, kwa sababu maji uliyomimina sio yote yaliyopo: udongo wa kukaushwa juani ulianza na yake, na mengine yanapotea hewani ukiwa unachanganya.

Kuta za chombo ziwe angalau sentimita 5 mbali na sensa pande zote, na chombo kiwe cha plastiki. Udhaifu wa ndoo ni kwamba umeshavunja muundo wa udongo, kwa hiyo ukimaliza chukua hata pete mbili tatu shambani uone kama zinakubaliana na fomula yako.

Udongo wetu ni mweusi, wa mbuga, kiangazi unapasuka mpaka mguu unaingia. Sensa inafanya kazi?

Huu ndo mgumu kuliko wote. Udongo wa mbuga za Usukumani, wa Mwea na tambarare za Kano kule Kenya, ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, maana yake densiti yenyewe inabadilika na unyevu. Mtu aliyechukua densiti moja siku ya masika akaizidishia sampuli zote za kiangazi amejitengenezea kosa mwenyewe. Kila sampuli lazima iwe na pete yake na densiti yake. Njia ya ndoo hapa iache, huwezi kuigiza kuvimba kwenye chombo cha lita 4.

Alafu kuna mpasuko. Ufa ukipita kando ya bapa la sensa, unyevu unaosomeka unaanguka ghafla kama udongo umekauka kwa saa moja, kumbe sensa inasoma hewa. Ukiona mporomoko wa namna hiyo kwenye grafu usikimbilie kufungua maji, nenda kaangalie. Kwa udongo huu tunashauri sensa ilale kwa ubavu, chini kidogo ya pale nyufa zinapoanzia, na ukubali kosa la asilimia 4 au 5.

Na huku kwetu mlimani, udongo mwepesi kama unga?

Meru, miteremko ya Kilimanjaro, Rungwe, na upande wa pili huko Musanze na Goma, kuna udongo wa majivu ya volkano. Densiti yake mara nyingi iko chini ya 0.9 na unabeba maji mengi ajabu, lakini fomula ya kiwandani ukiitumia humo kwa kawaida inasoma CHINI ya ukweli. Ndo maana unakuta mtu sensa inamwambia shamba limekauka, anamwagilia, wakati udongo ukiukamua mkononi unatoa maji. Hapa kukalibreti sio hiari.

Chumvi na mbolea zinaharibu?

Zinapandisha unyevu unaosomeka, hasa kwenye sensa za bei poa kwa sababu zinafanya kazi kwenye frikwensi ndogo, karibu megahezi 1.5, ambako chumvi inasikika sana. Za bei kali ziko kama megahezi 70 na zinaumia kidogo. Ukipitisha mbolea kwenye dripu utaona unyevu "umepanda" zaidi ya maji uliyoweka. Usichukue sampuli za kukalibreti siku ya mbolea wala kesho yake, na tumia maji yale yale unayomwagilia, sio ya chupa.

Nina sampuli na masomo, sasa fomula naitoaje?

Excel au Google Sheets, safu moja masomo ya sensa, safu ya pili asilimia ya ujazo, chora nukta, ongeza mstari wa mwelekeo, mwambie akuonyeshe fomula.

Chukulia nukta hizi za mfano: 2650 ni 8%, 2380 ni 14%, 2110 ni 21%, 1890 ni 28%, 1720 ni 36%. Ukiunganisha ncha mbili tu, 2650 na 1720, kwa mstari ulionyooka, pale 2110 mstari utakwambia karibu 24% wakati mzani umesema 21. Umekosea 3 katikati kabisa ya eneo unalofanyia maamuzi ya kumwagilia, na hizo ncha zilikuwa za kweli, sio za hewa na glasi. Kwa hiyo tumia mkunjo wa daraja la pili (kwenye Excel ni polynomial, order 2). La tatu na la nne usiende, utafuata makosa ya mzani badala ya udongo, na nje ya nukta zako mkunjo unaenda kichaa.

Weka pembeni sampuli mbili au tatu ambazo hazikuingia kwenye kutengeneza fomula, alafu uione inazikisia vipi. Ikikosea chini ya 3, uko vizuri. R mraba (namba inayoonyesha mkunjo umezifuata nukta kwa kiasi gani) ya 0.98 isikulevye, nukta tano zilizopangika vizuri zinaweza kukupa hiyo na bado fomula ikakosea.

Nina sensa kumi za aina moja, fomula moja inatosha zote?

Za bei kali, mara nyingi ndiyo. Za v1.2, usithubutu. Zina makopi mengi, nyingine zimewekwa chipu ya NE555 badala ya TLC555 na hiyo kwa volti 3.3 haifanyi kazi inavyotakiwa, nyingine hazina regyuleta (kifaa cha kutuliza volti), nyingine rezista ya megaomu 1 haijaungwa kwenye graundi hivyo namba inachelewa sana kubadilika. Zitumbukize zote kwenye ndoo moja ya udongo uliolowa sawasawa, moja moja sehemu ile ile, zinazoachana sana na wenzake tupa, zinazokaribiana kila moja ipe fomula yake. Na kabla ya yote paka kingo za bapa rangi ya kucha tabaka mbili, kingo zilizokatwa hazina rangi na zinanyonya maji polepole mpaka namba zinahama.

Kumbuka umekalibreti mnyororo mzima, sensa na waya na bodi. Ukibadili bodi unarudia. Kwenye ESP32 tumia pini za ADC1 (32 mpaka 39; ADC ni sehemu ya bodi inayogeuza volti kuwa namba), zile za ADC2 hazisomi sensa kama WiFi imewaka.

Mbona mchana namba zinapanda na kushuka bila mvua wala maji?

Joto, au betri. Udongo wa juu ukichemka saa nane sensa inahama kidogo, na betri ikishuka volti zinashuka nayo kama hamna regyuleta. Fanya maamuzi kwa somo la alfajiri, na sampuli zako pia zichukue asubuhi.

Nina sensa za Watermark, au zile za taa za rangi. Nazo nifanye hivi?

Hizo zinapima kitu kingine, nguvu ambayo mzizi unatumia kuvuta maji, kwa kilopaskali, sio kiasi cha maji. Ile ya taa za rangi, Chameleon iliyobuniwa Australia, ambayo wakulima wa skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa waliitumia, inawasha bluu udongo ukiwa na maji ya kutosha, kijani katikati, nyekundu ukipita kama kilopaskali 50. Uzuri wake ni kwamba haijali sana aina ya udongo, kwa hiyo huhitaji pete wala oveni. Ila haikwambii uweke lita ngapi. Kwa mkulima asiyetaka hesabu, tungemshauri hizo kabla ya haya yote tuliyoandika hapa, kwa kweli.

Hivi kosa la asilimia 5 lina hasara gani, si kidogo tu?

Piga hesabu. Mizizi ya kina cha sentimita 40, kosa la 5% ni milimita 20 za maji. Milimita moja ni lita moja kwa mita ya mraba, eka moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo ni karibu lita 81,000. Matanki nane ya lita elfu kumi kwa eka moja. Na dizeli ya pampu.

Sina mzani wala oveni, nani anaweza kunipimia?

Chukua sampuli mwenyewe kwa pete na upeleke zikiwa zimefungwa. Kuna maabara za udongo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro na TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Tanga, na kwa walio Kenya KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo) Kabete. Waambie mapema unataka unyevu kwa uzito na densiti, na uwaandikie ujazo wa pete yako, maana wasipoambiwa watazianika juani tayari kwa vipimo vya rutuba kama wanavyofanya kwa sampuli nyingi, na maji uliyoyafuata yatakuwa yameshaondoka. Kama una mzani, pima uzito wa kulowa nyumbani kabla ya safari, basi la Mbeya mpaka Morogoro ni siku nzima.

Narudia baada ya muda gani?

Kila msimu chukua pete mbili za kuhakiki, moja kavu moja imelowa. Zikikubaliana na fomula ndani ya asilimia 3 endelea kulima. Rudia yote ukibadili sensa au bodi, ukihamia kipande chenye udongo mwingine, au ukiweka samadi nyingi kiasi cha kubadili densiti. Trekta likipita pia, kabla halijapita ng'oa sensa, baada ya kulima subiri udongo utulie kwa umwagiliaji wa mara mbili tatu ndo uchukue pete.